Theluji ya Kiangazi

"Ukiona theluji kiangazi, kautazame mfereji." Leo mmemsikia mjomba wenu akiyasema maneno hayo mbele ya ghorofa jipya la jirani yetu, ambaye mkewe bado anatuomba chumvi, nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Kaeni basi. Methali hii ilizaliwa hapa hapa mlimani, na mimi nilikuwepo, nikiwa bado mke mpya katika ukoo huu.

Zamani tulikuwa na theluji moja tu, ile ya kileleni, nayo haikuwa ya mtu. Kisha ikaja kampuni kutoka mjini, ikajenga hoteli juu ya mashamba yetu, ukingoni mwa msitu. Kando yake ikasafisha mteremko mrefu, ikaleta mashine kubwa kama nyumba. Mashine ile iligandisha maji na kuyatapika yakiwa meupe, na wageni wakateleza juu yake, mbao zimefungwa miguuni. Mimi niliona watu wazima wanaolipa ili waanguke.

Meneja wao, Bwana Tegemeo, alitueleza barazani kwamba maji yale ni ya mvua, yanakingwa kwenye matangi. Tena msimu ni Desemba na Januari tu, kisha mashine italala. Tukapiga makofi. Wanaume wakapata kazi ya kubeba mbao za wageni, na sisi wanawake tukawauzia mtori, supu yetu ya ndizi. Mkono mtupu haulambwi, nao mkono ule haukuwa mtupu.

Lakini mashine ya bei kubwa hailali. Mwaka wa pili msimu ulifika Pasaka. Mwaka wa tatu ukavuka masika ukaingia kiangazi chenyewe. Mume wangu alipomwuliza kulikoni, Bwana Tegemeo alitabasamu.

"Kaka, mashine hii ikizimwa inatula, ikiwashwa inatulisha. Msimu ukiwa mfupi tutafunga, na kazi zenu zitaondoka nasi."

Tabasamu lile sikulipenda, ila mtori wangu ulikuwa unauzika, nikanyamaza.

Kiangazi kile mfereji ukakonda. Mfereji huu mnaoufahamu, uliochimbwa na babu zetu kutoka mtoni hadi majumbani, kila nyumba na zamu yake. Maji yalifika nyumba za juu yakaishia hapo. Tukaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Mtu akipita kwako asubuhi, hakusalimia kabla hajakagua kama shina la mgomba wako limelowa. Mimi mwenyewe nilimnunia wifi yangu mwezi mzima, na hakuwa amefanya kitu.

Migomba yote ilinyauka isipokuwa ya Mama Aikande, mjane wa kule bondeni. Alikuwa ameifunika mashina kwa samadi na majani makavu, na kila siku aliimwagia maji aliyooshea vyombo. Alilisema hilo waziwazi. Nani alitaka kulisikia? Tulikuwa tunamtafuta mwizi, na migomba yake ilikuwa ya kijani. Aikande, bintiye, alikuwa ameposwa. Wakwe wakatuma ujumbe kwamba hawaoi katika nyumba ya mwizi wa maji.

Mzee Kiwaria, msimamizi wa mfereji, akaita baraza pale pale ukingoni.

"Lete isale, mama," alimwambia mjane. "Ukiinua jani la isale mbele ya majirani, hakuna awezaye kukunyima msamaha. Ndiyo desturi yetu. Yataisha."

"Yataisha pamoja na jina langu, baba. Anayeleta isale amekiri. Mimi nikiri nini?"

"Basi tuambie maji yanakwenda wapi."

Mama Aikande akauinulia kidevu mteremko wa hoteli, uliokuwa ukimeta mweupe katika jua lile.

"Ule hauna zamu. Mbona haukauki?"

"Wana matangi ya mvua," mtu akasema.

"Mvua ipi? Wewe mara ya mwisho umelowa lini?"

Tukapanda wote hadi kwenye banio, pale mfereji unapouacha mto. Mawe ya kugawia maji yalikuwa mahali pake. Karibu nayo palikuwa na masale, yamepandwa kwa mstari kuteremkia upande wa hoteli. Tulikuwa tumeyaona tulipokwenda kusafisha mfereji, tukayazunguka kwa adabu, maana isale kwetu ni mpaka, na anayeling'oa anajiitia laana.

Mama Aikande akasimama mbele ya masale hayo. "Isale ni mpaka. Huku ni msitu, na kule ni msitu. Hapa nani amepakana na nani?"

Mzee Kiwaria akainama, akang'oa la kwanza. Chini ya mizizi palikuwa na bomba jeusi, nene kama paja, la baridi, maji yakinguruma ndani yake. Nani aliwafundisha watu wa mjini kwamba isale haliguswi? Mimi nina jina la mtu kichwani, na mwenyewe bado anakuja harusini kwetu, kwa hiyo silitaji.

Mzee alivunja jani la isale hapo hapo, akamnyooshea Mama Aikande kwa mikono miwili. Mama Aikande akaweka mikono yake nyuma.

"Hilo silipokei, limepandwa na mwongo. Teremka ukachume la nyumbani kwako. Ulipitishe kwa wakwe zangu walione, ndipo uniletee."

Bomba lilikatwa siku ile ile. Mashine ikanyamaza, na mteremko ukaanza kuyeyuka, ukatuteremkia mferejini, maji ya baridi mpaka meno yanauma. Hoteli haikumaliza mwaka. Kazi zilikwenda, na wapo wanaomlaumu Mama Aikande hadi leo.

Mzee Kiwaria alifika kwa mjane maji yakiwa yamekwisha kulifikia shamba lake. Nyuma yake walikuja wakwe, vichwa chini. Safari hii Mama Aikande alilipokea jani kwa mikono miwili, kama desturi inavyodai, kisha akatugeukia sisi majirani, na mimi nikatazama miguu yangu.

"Nimesamehe," alisema. "Ila siku nyingine msianzie kwenye mgomba wa jirani. Ukiona theluji kiangazi, kautazame mfereji."