Firigisi ya Kutuliza Pikipiki

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, pikipiki zilipokwisha kuwastaafisha punda, alikuwepo dereva wa bodaboda aitwaye Kisandu. Kijijini kwao, mtu na mama mkwe wake hawagusani hata kwa ncha ya kidole. Basi mkewe akajifungua, na ikampasa Kisandu amlete mama mkwe aje kumwona mjukuu. Angemketisha nyuma, kapu katikati yao, na heshima ingebaki salama.

Lakini pikipiki ilitetemeka! Ikipanda mlima, inatetemeka. Ikishuka mlima, inatetemeka. Kisandu akawaza: mama akipanda hii, atanishika kiuno mbele ya kijiji kizima. Nitahamia wapi?

Akatangaza kijiweni: "Mama anakuja na jogoo, na firigisi ni haki yangu mimi mkwe. Atakayenitulizia pikipiki, firigisi nampa!"

Watu wakashika vichwa. Mkwe atoe firigisi yake?

Akaja Masunga, dereva mwenzake. Akaisimamisha kwa stendi, akaitoa gia, akapiga resi. Magurudumu yametulia, pikipiki inatetemeka. "Tairi na mnyororo havina kosa," akasema. "Ugonjwa uko kwenye injini."

Akaja Holo, muuza uji, na kikombe cha bati kilichojaa. Akakigusisha kwenye tangi: ti-ti-ti. Akakigusisha kwenye kiti: ti-ti-ti. Akakigusisha kwenye fremu, pale injini inaposhikiliwa: TA-TA-TA! Uji wote ukarukia suruali ya Kisandu. "Ni hapa," akasema Holo.

Akaja fundi Lutema na spana. Akainama, akakuta bolti ya kushikilia injini imelegea. Akaikaza. Pikipiki ikanguruma kwa upole, kama paka aliyeshiba.

"Fundi," Kisandu akauliza, "si wewe uliyeifungua bolti hii jana?"

"Ni mimi. Niliitwa kula, nikasahau kuikaza. Lakini leo kaikaza nani?"

Mama mkwe akafika, kapu katikati, heshima kamili. Jogoo akapikwa. Firigisi, moja, ndogo, ikawekwa mbele ya Kisandu.

"Bila mimi," akasema Masunga, "mngekuwa bado mnafungua tairi."

"Bila mimi," akasema Holo, "injini nzima ingekuwa chini, vipande vipande. Na uji wangu je, ulionywewa na suruali?"

"Ninyi mlinyoosha vidole," akasema Lutema. "Mkono uliokaza ni huu."

"Na mkono ulioacha bolti wazi?" akauliza Holo.

"Huuhuu, dada. Ndio maana mkono uliijua njia ya kurudi."

Kisandu akatamani kuikata vipande vitatu. Lakini kwao, kumpa mtu kipande cha firigisi ni kumtukana. Akamgeukia mama mkwe, naye akatazama ukutani, kama adabu inavyotaka.

"Mkwe wangu, mimi sikuahidi kitu. Toa, inapoa."

Kisandu akaiinua firigisi, mkono ukabaki hewani.

Haya, wanangu, acheni kucheka mkamsaidie mwenzenu: ampe nani?