Shauri la Jina Halali la Kitoweo cha Kasikini

Niseme, nisiseme?

— Sema!

Mkiogopa?

— Tutashikana mikono!

Hapo kale, kale hasa, nchi ya wanyama ilitawaliwa na Chui. Jina lake Ng'onda, lakini halikutajwa. Amri ya kwanza ilisema: atakayelitaja, ataliwa. Wote wakamwita Bwana Mkubwa.

Chui alikuwa na kasiki kubwa la udongo, la kuenea ndama mzima, lenye maji ya chumvi. Nyama iliyomshinda kula aliitosa humo. Amri ya pili ilisema: kasiki likifunikwa, halifunuliwi mpaka siku ya tatu.

Lakini kitoweo hicho hakikuwa na jina, na karani wake, Fisi, hakuweza kuandika daftarini kitu kisicho na jina. Ikatoka amri ya tatu: kila wiki mnyama mmoja aje aonje, ataje jina halali. Akikosea, anaongezwa kasikini.

Akaja Ngiri. "Hii ni nyama, Bwana Mkubwa."

"Nyama hata wewe," akasema Chui.

Chubwi! Fisi akafunika, akaandika: Ngiri, hakufaulu.

Akaja Swala. "Hiki... kitoweo, Bwana Mkubwa."

"Kitoweo hata mchicha."

Chubwi! Fisi akafunika, akaandika: Swala, hakufaulu.

Wiki ya tatu barua ikamwita Kidawa, binti wa Bi Nguchiro. Mtoto mwenyewe ndiye huyo huyo mmoja. Mama akamfungia ndani, akaenda yeye. Njiani miguu ikawa inakataa. Akaiambia, "Twende tu."

"Nimemwita mtoto, kaja mama!" Chui akanguruma.

"Mtoto ana homa, baba."

"Cheti cha homa kiko wapi?" akauliza Fisi.

"Mwache. Kasikini wote wanaingia," akasema Chui. "Haya, bibi, hiki kinaitwaje?"

Bi Nguchiro akachungulia kasikini. "Bwana Mkubwa, kwetu kitoweo cha chumvi hakitajwi kabla hakijageuzwa, cha chini kije juu. Na anageuza mwenyewe tu. Mkono wa mgeni ukiingia, chote kinaoza."

Chui akamtazama Fisi. "Ndivyo?"

"Ndivyo, Bwana Mkubwa. Hata marehemu mama yangu hakuruhusu mtu."

Chui akainama. Mkono haukufika. Akainama tena. Haukufika. Mara ya tatu miguu ya nyuma ikaacha ardhi, na Bi Nguchiro akamng'ata mkia kwa meno yote.

Chubwi! Bi Nguchiro akasukuma kifuniko mahali pake. "Karani, limefunikwa!"

Fisi akakikalia kifuniko.

"Fungua! Ni mimi, Bwana Mkubwa!"

"Bwana Mkubwa ndiye aliyesema siku tatu," akajibu Fisi. "Nikifunua, nitaliwa."

Siku ya kwanza zilisikika kelele. Siku ya pili, mikwaruzo. Siku ya tatu, kimya.

Wanyama wakakusanyika, kasiki likafunuliwa. Kidawa akachungulia. "Mama, hicho kinaitwaje?"

Hakuna aliyethubutu. Kisha mama akasema, kwa sauti ndogo sana, "Ng'onda."

Wote wakafumba macho, wakingoja kuliwa. Hakuna aliyeliwa. Wakalisema tena, kwa pamoja. Tangu hapo, chakula kilichokolezwa chumvi kikaanikwa huitwa ng'onda.

Fundisho ni hili: ukitunga amri ya kuwatisha wenzio, itunge ukijua kwamba iko siku utakuwa ndani wewe, na karani yuko nje.

Kasiki langu nalifunika hapo, mwenye kiu akanywe maji. Daftarini Fisi aliandika kwamba Bwana Mkubwa amesafiri. Hakusafiri. Walimwanika juani, Fisi akamla.