Vituo Sita kwa Siku Moja

Wahenga hawakukataza mtu kutaka. Kutaka si dhambi. Hata mtoto mchanga hutaka. Walichokikemea ni ile tamaa ya kukumbatia kila kitu kwa wakati mmoja, mpaka kile kimoja chenye maana kikaanguka. Wala tamaa hiyo si ya walafi na wenye choyo peke yao. Huwapata pia watu wema, tena huwapata kwa sababu ya mapenzi, na hapo ndipo inapouma zaidi. Mtu wa kisa hiki alikuwa mwema. Kingekuwa kisa chepesi kukisimulia kama angekuwa mbaya.

Alikuwa mtembeza wageni katika mji wa kale, na wenzake kazini walimwita Ratiba. Hawakumwonea. Mezani kwake hapakukosekana rula, penseli iliyochongwa na ramani ya mji iliyochakaa mikunjoni. Mpe mgeni mwenye siku moja tu, naye angempangia vivutio sita kuanzia asubuhi hadi jioni, kila kimoja na dakika zake, na bado mgeni akapata nafasi ya kula na kwenda msalani. Tena alikuwa na kanuni moja aliyofundishwa na bosi wake wa kwanza: kilicho bora kuliko vyote huwekwa mwisho, ili mgeni aondoke nacho kichwani. Kanuni hiyo ilikuwa imempa sifa mji mzima.

Lakini mganga hajigangi. Katika miaka ishirini ya kuwatembeza watu baki, Ratiba hakuwahi kumtembeza mama yake mzazi. Mama aliishi mbali, mwendo wa kutwa kucha kwa basi. Kila mwaka mwanawe alimwambia, "Mwakani, mama." Mwakani hiyo ilikuwa na miguu, kila walipoikaribia ilisogea mbele. Jambo hilo lilimkereketa Ratiba moyoni kama mfupa wa samaki kooni, ingawa hakulisema.

Kisha siku moja mama akapiga simu.

"Baba, kuna mzee amekuja hapa nyumbani," alisema. "Alifungwa pamoja na baba yako."

Ratiba hakumjua baba yake. Baba huyo alikamatwa wakati mwanawe angali tumboni, akatiwa katika gereza la mji ule ule, na hakutoka akiwa hai. Haikuletwa barua wala nguo. Mama alikuwa amemngoja, kisha amemlilia, kisha amenyamaza kwa miaka arobaini na moja. Sasa huyo mzee, aliyekula chumvi nyingi na aliyetembea kwa mkongojo, alikuwa amemtafuta hadi akampata ili atue mzigo mmoja. "Shemeji," alimwambia, "mumeo aliandika ukutani kwa msumari. Chumba cha nne, chini ya dirisha. Aliandika miezi mitatu. Nilimuuliza anamwandikia nani, akasema anamwandikia mke wake. Mimi sikusoma; ningejua kusoma ningekuletea maneno yote."

Gereza lilikwisha kuacha kuwa gereza zamani. Wageni walitembezwa uani na katika ofisi ya zamani ya bwana jela, lakini vile vyumba vya wafungwa vilikuwa vimefungwa kwa makufuli mpaka mwezi ule. Vilifunguliwa kwa muda mfupi tu, kama kuagwa, kwa kuwa jengo lilikuwa limeuzwa lifanywe hoteli. Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili. Saa kumi kamili jioni geti lingefungwa, na baada ya hapo kuta zote zingekwanguliwa na kupigwa plasta mpya.

"Mama, niende nikupigie picha?" Ratiba aliuliza.

"Hapana! Usiusogelee. Barua ni yangu, nitaisoma kwa macho yangu. Nakuja. Nataka kuuona ukuta huo tu, baba, nikishausoma narudi."

Alisema "huo tu." Ratiba alisikia "nakuja," na furaha ikamziba masikio.

Mama alishuka kwenye basi Jumapili saa moja asubuhi, miguu imevimba kwa safari, miwani ya kusomea ameifunga ndani ya leso. Ratiba alimpeleka chumbani kwake, akampa chai, kisha akamwekea mbele karatasi iliyopigwa mistari kwa rula.

"Leo nakulipa miaka ishirini, mama. Yote kwa siku moja!"

Mama alivaa miwani akasoma polepole. Mnara wa saa. Lango kuu. Soko la matao. Kasri. Daraja la mawe. Kidole chake kikateremka mpaka mstari wa mwisho, kikakaa hapo.

"Gereza umeliweka chini kabisa."

"Kitamu huwekwa mwisho, mama. Saa tisa na nusu tuko pale, unabaki nusu saa nzima na ukuta wako, hakuna atakayekusumbua."

"Hatuwezi kuanzia huko?"

"Tukianzia huko utalia, halafu mnara utauona saa ngapi? Niachie mimi. Hii si ndiyo kazi yangu?"

Mama akamtazama mwanawe. Alikuwa amenyoa, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu vinang'aa. Ni mzazi gani angemvunja moyo mtoto wa namna hiyo? "Haya," alisema. "Wewe ndiye mwenye mji." Na mwenye kuwajua kina mama anajua kwamba "haya" si "ndiyo."

Mnara ulikuwa na ngazi mia moja na kumi na nne. Ratiba alizihesabu kwa sauti kumtia mama moyo, na kufikia ya sabini mama hakuwa na pumzi ya kumwomba anyamaze. Huko juu Ratiba alianza kueleza habari za kengele, ilivyotengenezwa na wahunzi wanane na ilivyopasuka mara ya kwanza ilipogongwa.

"Gereza liko wapi?" mama aliuliza.

Ratiba akamwonyesha paa refu la kijivu, chini, karibu na mto. Mama aliliangalia paa hilo mpaka maelezo ya kengele yakaisha. Waliposhuka, magoti yake yalikuwa yakigongana.

Langoni walitumia dakika kumi na tano, sokoni ishirini, kama karatasi ilivyoagiza. Ni kasri ndiyo iliyokula muda. Mwangalizi wake alikuwa rafiki wa Ratiba, na aliposikia huyu ndiye mama mzazi, alitoa funguo na kufungua hata vyumba ambavyo havifunguliwi. Mama akaonyeshwa kitanda alicholalia mtawala, beseni aliloogea mtawala, na kiti ambacho mtawala hakuwahi kukikalia kwa sababu alikufa kabla hakijafika. Alishukuru kila mara. Kila aliposhukuru alitupia jicho saa ya mkononi mwa mwanawe.

Saa tisa na robo walitokea njia panda. Kulia ni gereza, dakika tano kwa mguu. Kushoto ni daraja. Mama alikwisha kugeuka kulia.

"Si huku, baba?"

"Ndiyo huku, ila daraja liko hapo tu. Dakika kumi, mama. Mtu hawezi kufika mji huu akaondoka bila kuliona daraja."

"Mimi ningeweza," mama alisema.

Ratiba alicheka, akadhani ni utani, akamshika mkono kumvuta kushoto. Laiti angelijua! Mtu hupewa nafasi ya mwisho bila kupigiwa tarumbeta.

Daraja waliliona. Lilikuwa daraja. Wakirudi, katikati ya daraja, magoti ya mama yaligoma kabisa, akaketi juu ya jiwe, jasho likimtoka, akasema, "Nipe kidogo." Kidogo hicho kikawa robo saa. Ratiba alikwenda kiguu na njia kutafuta teksi, akaipata ikiwa saa kumi kasorobo, na hawakumaliza mtaa mmoja kabla ya kukwama nyuma ya lori lililokuwa likishusha magodoro. Dereva wa teksi alipiga honi. Ratiba alitukana, jambo ambalo mama hakuwahi kumsikia akifanya. Kisha mama akafungua mlango, akavua viatu, akashuka. Alitembea peku juu ya mawe ya barabara, akichechemea, mkono mmoja umeshika leso yenye miwani, na mwanawe akimfuata nyuma.

Walifika saa kumi na dakika nane. Mnyororo ulikuwa umezungushwa getini mara mbili.

"Tumefunga," alisema mlinzi.

"Kaka, nakuomba. Dakika tano. Huyu ni mama yangu, ametoka mbali. Mume wake alifia humu."

Mlinzi akamtazama mama, akaona miguu yake, na uso wake ukalegea. "Ningekuwa na ufunguo ningefungua, haki ya Mungu. Mwenye jengo ameshaondoka nao. Mafundi wapo ndani ila wanapitia nyuma, nako wamekatazwa kumfungulia mtu. Njooni kesho asubuhi mumwombe msimamizi."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya chuma kikikwangua, kwaru, kwaru, bila haraka. Mama alisimama akiisikiliza, vidole vyake vimeshika vyuma vya geti, mpaka Ratiba alipomwondoa.

Asubuhi msimamizi hakuwa na ubaya. Aliwaingiza mwenyewe, akawapitisha uani hadi kwenye mlango wa chumba cha nne. Kilikuwa chumba kidogo, dirisha juu, na chini ya dirisha ukuta ulikuwa mweupe, laini, bado umelowa. Fundi plasta alikuwa ameinama akiosha mwiko wake ndooni.

"Hapa palikuwa na maandishi?" mama alimuuliza.

"Yalikuwepo, mama. Nilianzia chumba hiki jana, geti lilipofungwa tu."

"Yalisemaje?"

Fundi akaona aibu, akafuta mikono kwenye suruali. "Sikuyasoma. Nilikuwa na vyumba vinne vya kumaliza. Kama ningejua..."

"Yalikuwa marefu?"

"Marefu, mama. Kuanzia hapa dirishani," alisogeza kiganja karibu na ukuta bila kuugusa, "mpaka huku chini karibu na sakafu. Herufi ndogo ndogo. Mstari hadi mstari."

Mama akainama kwa taabu mpaka usawa wa mahali alipoonyeshwa. Akafungua leso, akavaa miwani, akautazama ule ukuta mweupe kana kwamba anausoma. "Basi alikuwa na mengi ya kuniambia," alisema. Hapo Ratiba akashindwa kujizuia, akaangua kilio mlangoni mbele ya fundi na msimamizi, kilio cha kwikwi cha mtu mzima asiyekuwa na wa kumlaumu isipokuwa nafsi yake. Mama hakulia. Machozi yake alikuwa ameyawekea maneno ya mumewe, na maneno hayakuwepo.

Mchana Ratiba alimsindikiza mama kituo cha basi. Alitamani mama amkaripie, amwambie hata neno moja kali alibebe kama adhabu. Alimwomba radhi mara tatu, na mara zote tatu mama alimpapasa mkono tu. Basi lilipowasha injini, mama akamwinamia dirishani.

"Mji wako ni mzuri, baba," alisema.

Hakuna laana ambayo ingemchoma kuliko sifa hiyo. Ratiba alibaki amesimama pale hata basi likatoweka, akijua kwamba kuna barua iliyongoja miaka arobaini na moja ikashindwa kungoja dakika nane, na kwamba hakuna mwakani itakayoirudisha. Alitaka mama yake aone kila kitu kwa siku moja, naye akaondoka hajakiona kile kimoja alichokifuata. Kweli, mtaka yote hukosa yote.