Glasi ya Rangi Tatu

Hebu fumbeni macho kidogo, wapendwa, mwone jiko la nyumbani, dogo tu. Juu ya meza kuna glasi kumi na mbili kwenye sinia. Kila moja ina kokteli ya matunda, ile inayopangwa kwa rangi: nyekundu ya tikiti maji juu, njano ya embe katikati. Ya chini hamwioni, kwa sababu kila glasi imezungushiwa tishu ili isiteleze mkononi mwa mgeni. Sebuleni watu wa jumuiya wanaimba. Na pale mezani amesimama mwanamke mmoja, kijiko mkononi.

Mmemwona? Basi niwaambie alifikaje pale.

Mwanamke huyu ni binti wa nyumba ile. Kwa miaka mingi, jumuiya iliposali kwa mama yake, yeye ndiye aliyetengeneza kinywaji: juisi nzito ya parachichi, ndimu na tangawizi kidogo. Wageni walikunywa, wakaomba tena, na mama akasema, "Mkono wa binti yangu huo." Kisha kaka yake akaoa, na mke wa kaka akaja na kokteli yake. Siku ya kwanza tu mzee mmoja aliinua glasi kwenye mwanga akauliza, "Hii ni ya kunywa au ya kupiga nayo picha?" Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akasema, "Kwa vinywaji, sasa nimepata mtu."

Maneno madogo, sivyo? Lakini binti alilala nayo na akaamka nayo.

Tangu hapo, kila kokteli ilipokuwa tayari, mke wa kaka alimpelekea yeye glasi ya kwanza, kabla ya mgeni yeyote.

"Wifi, onja kwanza."

"Kunywa mwenyewe, wifi. Tumbo langu halijazoea vitu vya rangi rangi."

Na glasi ikarudi jikoni kama ilivyokuja. Wivu una njaa, ndugu zangu, lakini ukiandaliwa chakula unasusa.

Siku ninayowaonyesha, mama alikuwa ametoka hospitali, na watu wamekuja kumshukuru Mungu. Binti ndiye aliyemuuguza wiki tatu, akamwosha, akamlisha kwa kijiko. Akasimama pale jikoni akajiambia, "Nimehangaika mimi, halafu leo sifa ziende tena kwenye glasi za huyu?" Mke wa kaka alikuwa ameingia chumbani kubadili kanga. Binti akachukua kijiko. Akakoroga glasi ya kwanza mpaka chini, ikawa rangi ya matope. Akakoroga ya pili. Ya tatu. Alipomaliza ya kumi na moja, mlango ukafunguka.

Mke wa kaka hakupiga kelele. Alizitazama glasi, kisha akamtazama wifi yake.

"Hujawahi kuionja hata mara moja, eti?"

"Nionje nini? Hayo mapambo yako?"

Mke wa kaka akachukua glasi ya kumi na mbili, ile iliyosalia, akaitoa tishu. Chini kabisa kulikuwa na kijani, kizito, kimetulia.

"Hii ya chini ni yako, wifi. Parachichi, ndimu, tangawizi kidogo. Nilimwomba mama anielekeze unavyoifanya. Nilijaribu kuanza na ndizi, ikaharibika rangi. Nikaanza na embe, tikiti likazama lote. Ni yako tu iliyokubali kuzibeba zangu. Ndiyo maana nilikuletea ya kwanza. Nilitaka uitambue mwenyewe."

Sebuleni wimbo ukaisha. Sauti ya mama ikasikika, bado dhaifu: "Wanangu, wageni wana kiu."

Binti akakitazama kijiko. Ncha yake ilikuwa ya kijani.

Sasa niwaulize, na msinijibu mimi, jijibuni wenyewe. Alidhani anaharibu kazi ya nani? Na sisi je? Mwenzetu akisifiwa kwa kuimba, tunakumbuka nani alimfundisha sauti ya kwanza? Jirani akifanikiwa, tunajua ni neno letu gani la zamani analolisimamia mpaka leo? Mungu huwaweka wengine juu, waonekane, na wengine chini, wabebe. Mkono wa mgeni huifunika ile ya chini, lakini aliyezimimina zote anajua alianza na ipi. Sisi tunatazama rangi ya juu peke yake, tunaumia, tunatafuta kijiko.

Simwambii mtu asiumie. Hata yule binti alikuwa amechoka kweli, na maumivu yake yalikuwa ya kweli. Nawaomba tu mwende nyumbani na jambo moja, jambo dogo ambalo hata mtoto anaweza kulishika: kabla hujakoroga glasi ya mwenzako, onja kwanza.