Jina la Kasa wa Mikokoni

Hapo zamani, na sisemi zamani za majini, nasema zamani za juzi ambazo mwenyewe nilikuwemo, kikundi chetu cha maulidi kilialikwa kutembelea hifadhi ya bahari ya Mwambakuu. Mimi niliishia darasa la sita, lakini ningeachiwa ningewafundisha watafiti wenyewe. Lakini kwa kasa mmoja hata mimi nilinyamazishwa.

Tulikuwa tunapita mikokoni, maji yamekupwa, mwenzetu Bi Rukia Makame akasimama.

"Sikilizeni. Kuna mtu anapumua."

"Kaa hao, Bi Rukia," nikamtania. "Au tumbo langu linadai pilau."

Hakucheka. Mwanawe, Nassor, alikwenda baharini asirudi, hana hata kaburi la kuzuru. Akajitosa topeni na baibui lake, akiita, "Nassor! Nassor!" Tukamfuata. Tukakuta kasa kanaswa na wavu, anashusha pumzi, utadhani binadamu.

Saumu, mtafiti wa hifadhi, akachomoa kisu.

"Usikate!" akasema Kombo, mvuvi, mmoja wa kikundi chetu. "Fundo limezama kwenye pezi, utalikata na pezi lenyewe. Nipishe, fundo hili nalijua. Wavu ni wangu."

Kutega pale ni marufuku, na angenyamaza nani angejua? Akalifungua fundo mbele ya walinzi wa hifadhi, nao wakamchukulia wavu na mtumbwi.

Saumu naye akamwinamisha kasa kichwa chini, maji yakamtoka mapafuni. Akamuuguza bwawani kama mzazi, hata harusi ya mdogo wake hakwenda.

Kasa alipopona tukaitwa tena ufukweni, arudishwe baharini. Desturi ya hifadhi ni hii: kasa hufungwa kifaa mgongoni, na aliyemwokoa humpa jina. Kila akiibuka, kifaa hupeleka habari, na hifadhi humpigia simu yule aliyempa jina: fulani yuko mahali fulani.

Bi Rukia akasema, "Mimi ndiye niliyemsikia. Nisingesikia mngempita. Aitwe Nassor, nami nipigiwe simu niambiwe mwanangu yuko wapi."

Kombo akasema, "Mimi nilimfungua, nikapoteza riziki yangu. Binti yangu Tima nilimwapia kwamba sitegi tena mikokoni, nikavunja kiapo. Tangu siku ile hasemi nami. Aitwe Tima, kila simu ikija asikie kwamba kasa niliyemfungua yu hai, ajue babake safari hii hadanganyi."

"Mtu hupewa zawadi kwa kufungua mtego wake?" Bi Rukia akamuuliza.

Saumu akasema, "Mimi nilimrudishia uhai. Aitwe Haji, jina la mwalimu wangu aliyeanzisha utafiti huu, akafa mzee, ameshiba umri. Bi Rukia, nisamehe mama yangu. Vifaa hivi huzimika. Siku simu ikikoma, utamzika Nassor mara ya pili?"

"Mara ya kwanza sikumzika," akajibu Bi Rukia.

Mkuu wa hifadhi akatugeukia. "Amueni nyinyi wageni. Maji yanajaa."

Wenzangu wote wakanitazama mimi, msemaji wao, bingwa wa kila baraza. Mdomo wangu huu ukakauka. Kasa pale mchangani akashusha pumzi, ile ile ya mikokoni.

"Naam, mwanangu," akaitika Bi Rukia.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkinicheka, mngekuwa mahali pangu mngesemaje? Aliyesikia, aliyefungua, au aliyeuguza: je, nani alistahili kumpa kasa yule jina?