Ufa Uliosimama

"Kigumu hudumu kwa ulaini wa ndani." Bi Kidawa aliwaambia hivyo wajukuu wake wawili waliokuwa wakigombania kigoda, kila mmoja akikataa kumwachia mwenzake. Wakamuuliza msemo huo ulitoka wapi. Akatabasamu: methali hii ilianzia karakanani kwake, na ilianza hivi.

Enzi hizo Kidawa alitengeneza vigoda vya plastiki kule Tanga, pamoja na wifi yake Mwantumu. Alikuwa amemwahidi mwalimu wa chekechea kwamba watoto wake hawatakaa tena sakafuni. Mwalimu angekuja alasiri ile. Akikuta vigoda vibovu, angeagiza kwingine, na karakana ingefungwa.

Desturi yao ilikuwa moja: kigoda hakitoki mpaka aliyekitengeneza apande juu yake acheze. Na sufuria hazikuchanganywa. Kidawa aliyeyusha makasha ya redio mbovu, magumu kama mfupa. Mwantumu aliyeyusha soli kuukuu za raba.

Siku hiyo Mwantumu akapanda chake. Kikabonyea taratibu hadi chini.

"Wifi, kigoda chako kimesujudu!" Kidawa akaangua kicheko.

"Haya, panda chako, mama chuma!"

Kidawa akapanda. Hata kiuno hajatikisa, kigoda kikalia kaa! Kikapasuka.

"Chako hata kusujudu hakikuwahi," Mwantumu akasema. "Kimekufa wima."

Kidawa hakucheka. Aliokota kipande, machozi yakimlenga, akiwawazia watoto wale sakafuni. Ndipo akaona chembe nyeusi.

"Mwantumu! Umenichafulia sufuria kwa soli zako!"

"Ziliruka nikizikata, wifi. Nisamehe."

Lakini Kidawa alikuwa amekodoa macho. Ufa ulikuja mbio hadi kwenye ile chembe, ukasimama papo hapo! Akatafuta chembe nyingine. Hapo pia ufa umesimama.

"Lete soli! Zikate ndogo ndogo kama ufuta!"

"Si umesema uchafu?"

"Lete, wifi, lete!"

Wakatia kidogo tu ndani ya plastiki ngumu iliyoyeyushwa, wakakoroga mpaka mikono ikafa ganzi. Kigoda kilipopoa, wakapanda wote wawili, wakacheza, wakaruka. Kikatoa mlio kama ngoma, kisipasuke wala kubonyea. Mwalimu alipofika aliwakuta bado wanaruka. Akavua viatu, naye akapanda.

"Kigoda chenyewe ndicho hicho mnachokigombania," Bi Kidawa akamaliza.

Wajukuu wakakitazama, wakatazamana. Yule mkubwa akasogea kidogo, mdogo wake akapata pa kukaa. Kigumu hudumu kwa ulaini wa ndani.