Salfa ya Mstari wa Njiani

Wapendwa, wengi wetu hapa tunalima zabibu, kwa hiyo sitaeleza mengi. Mfikirieni mama mmoja, mjane. Mumewe alimwachia shamba la zabibu na nyumba yenye vyumba ambavyo sasa havifunguliwi. Watoto wako mjini. Jioni anasonga ugali wa mtu mmoja, lakini mkono bado unachota unga wa watu wawili.

Siku ya kuondoa matanga, kaka wa marehemu alimwambia mbele ya ukoo, "Shemeji, shamba likikushinda sema. Tutang'oa mizabibu, tupande alizeti." Aliyasema kwa upole. Mama akaelewa.

Msimu uliofuata, mvua zilipokatika, aliona jani lenye vumbi jeupe, kana kwamba mtu aliyetoka mashineni kusaga amelishika. Akalifuta kwa kidole. Kesho yake vumbi likarudi, na jani la pili likawa nalo. Ubwiri unga. Marehemu angepunguza matawi ili upepo upite ndani, angechoma majani mabovu, kisha angepuliza dawa ya unga, salfa, asubuhi kabla jua halijawa kali, shamba zima, juu na chini ya majani. Tena angemwita jirani wa ng'ambo ya njia apulize siku hiyohiyo, maana ugonjwa huu unasafiri na upepo.

Mama naye alijua. Ndiye aliyekuwa akimshikia ndoo. Lakini kununua salfa ya shamba zima ni kusimama dukani mbele ya watu, na habari ingefika kwa shemeji kabla yeye hajafika nyumbani. Akanunua kidogo, akaificha kikapuni chini ya kanga. Ilitosha mstari mmoja wa mizabibu. Ninyi mngepulizia upi?

Yeye alipulizia mstari wa njiani.

Yule jirani wa ng'ambo ya njia alikuwa mzee, rafiki wa marehemu. Mkewe alikwenda mjini kulea mjukuu na hajarudi. Kila asubuhi walisalimiana, kila mtu upande wake wa njia, na kwa mama mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote ya siku.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Salama, mzee."

"Na shamba?"

"Salama tu. La kwako?"

"Salama. Naona majani yako yamenenepa kuliko mwenyewe."

"Na yako yanang'aa kama bati jipya, mwenyewe shati halina vifungo!"

Mzee akacheka, wakaachana. Mama akapita mstari wa kijani, akaingia ndani. Huko kulikuwa kweupe. Majani yamejikunja, zabibu changa zimepasuka hadi mbegu zinaonekana. Akakaa chini, mahali ambapo mpita njia hamwoni. Kupitia kwenye matawi aliuona mstari wa kwanza wa mzee, mzima kabisa. "Ni mimi tu," akawaza.

Asubuhi moja mzee hakutokea. Mama alisubiri mpaka jua likapanda, kisha akavuka njia. Akapiga hodi, kimya. Akapenya ule mstari wa kijani wa mzee, akasimama.

Kulikuwa kweupe. Mzee alikuwa amekaa chini, mkasi wa kupogolea uko mapajani.

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu mvua zilipokatika."

"Mbona kila siku unaniambia salama?"

"Upepo unatoka kwangu kuja kwako, shemeji. Niliogopa utasema nimeliua shamba la rafiki yangu." Akaugeuza mkasi mapajani. "Na la kwako lilivyo zima, nilikuwa naona aibu hata kulitazama."

Mama alimshika mkono, akamvusha njia, akampitisha kwenye mstari wake wa kijani. Mzee akaona.

Zabibu za msimu ule zilipotea, pande zote mbili. Wakaanza kupogoa pamoja, leo kwake, kesho kwa mzee, majani wakayachoma. Shemeji aliona moshi, akaja.

"Limekushinda?" akauliza.

"Linaumwa," mama akasema. "Shika mkasi."

Shemeji akasimama. Akatazama mizabibu ya kaka yake. Kisha akavua koti.

Ndugu zangu, je, dawa ilikosekana? Dukani ilikuwepo. Ujuzi ulikuwepo. Hata mkono wa shemeji, aliyeogopwa kuliko ugonjwa wenyewe, ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema "shamba langu linaumwa" wakati ugonjwa ulikuwa bado jani moja.

Sisi nasi tuna mstari wetu wa njiani. Tunaupiga pasi Jumamosi, Jumapili tunakuja nao hapa. Habari za nyumbani? Salama. Watoto? Salama. Na kwenye benchi moja wamekaa wawili wenye ugonjwa uleule, kila mmoja akimwonea mwenzake wivu. Bwana hakutuita tuje kuonyeshana majani ya mbele. Yeye anapita ndani ya shamba, na huko ndiko anakotusubiri.

Baada ya ibada nitasimama pale mlangoni kama kawaida. Nitakupa mkono, nitakuuliza habari za nyumbani. Usinijibu upesi. Walio nyuma yako watasubiri.